Kungoja Sehemu ya Sita

Munira aliyaacha maandazi kwenye mafuta, akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha video cha Nicolaus kuuliza swali lake la kila siku: sehemu ya sita imetoka?

Haikuwa imetoka. Nicolaus alimwonyesha simu yake. Wenye filamu huko ng'ambo walikuwa kimya mwaka wa pili sasa, na kila mtu hapo Mnyuzi alikuwa na habari zake. Wengine walisema mwigizaji mkuu kavunjika mgongo. Wengine walisema kampuni imefilisika. Mzee Mdoe, ambaye hiyo ng'ambo yenyewe hakujua iko upande gani, alishikilia kwamba sehemu ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwani stelingi alionekana kabisa akitumbukia mtoni na gari lake.

"Stelingi hafi, mzee," vijana walimjibu, na ubishi ukaanza upya.

Munira hakujali kama stelingi alikufa au alipona. Alirudi akakuta maandazi yameungua, na wateja wakamtania kwamba mtu mzima, mama wa mtoto, anaumwa ugonjwa wa muvi. Watu ni wepesi wa kucheka wasichokijua.

Yeye alichokingoja ni sauti. "Mlinzi wa Daraja" ilifika Mnyuzi ikiwa imetafsiriwa na mtu aliyejiita Profesa, ambaye peke yake alisema maneno ya wote: ya stelingi, ya adui, ya bibi, hata ya mbwa. Na kama watafsiri wote, alichomeka na ya kwake. Katika sehemu ya tatu, mama yake stelingi, bibi wa Kizungu aliyesimama kwenye theluji, alifungua mdomo akasema Kizigua. Kibanda kizima kiliangua kicheko. Munira alitoka nje akalia, kwa sababu bibi yule alisema: Mama Shamimu, niko hai.

Shamimu ni binti yake. Profesa alikuwa Sufiani, mume wake.

Miaka mitano nyuma, kwenye machimbo ya dhahabu kule Handeni, Sufiani aligombana na kijana aitwaye Yordani kwa ajili ya kiroba cha mawe, akampiga nyundo moja. Moja ilitosha. Alitoroka kabla mwili haujapoa. Ndugu wa marehemu, ambao Munira hakuwahi kuwaona kwa macho, walituma neno Sindeni, kijijini kwao Munira, kwamba hawana haja na polisi, watamtafuta wenyewe. Ndipo Munira akambeba mtoto akahamia Mnyuzi, kwenye kambi ya zamani ya mkonge, kati ya wajukuu wa manamba waliotoka makabila ya mbali. Kwao Kizigua kilikuwa kichekesho tu, na wachache waliokielewa walidhani ni utani wa mtafsiri.

Katika sehemu ya nne Sufiani alisema ameacha pombe. Katika ya tano alisema ingoje ya sita, nitakwambia nilipo, mje tuondoke wote. Filamu nyingine alizotafsiri Sufiani, Munira alizitazama zote, lakini humo mumewe hakutia neno. Alichagua ile moja iliyokuwa na uhakika wa kufika kila kibanda. Basi, kama wale wa ng'ambo wangeichoka filamu yao, Munira angebaki mjane wa mtu aliye hai. Hilo lilimnyima usingizi.

Nicolaus alikuwa mwema kwake. Hakumdai kiingilio tangu ile sehemu ya tatu, na kiti chake kilikuwa mbele. Siku ile bibi aliposema Kizigua, yeye peke yake hakucheka. Alimfuata Munira nje akamuuliza kwa upole bibi kasema nini. Munira alimjibu kwamba kasema chakula kimeiva. Nicolaus akatikisa kichwa, akasema babu yake alikuja mkonge akitoka Songea, lugha za huku zimempita kando.

Habari ilikuja mwezi wa nane: filamu ipo, na Profesa anaitafsiri. Nicolaus alikwenda Korogwe kwa pikipiki siku tatu mfululizo kuiulizia, kwa bidii iliyompita hata Munira, na Jumatano akarudi nayo kwenye flashi. Alisema ataionyesha Jumapili, ili watu wajae.

Jumapili alasiri walijaa hadi madirishani. Stelingi alikuwa mzima, na vijana wakamzomea Mzee Mdoe. Munira alikaa ameshika magoti yake. Filamu ilipokaribia mwisho, bibi akatokea kwenye theluji, akasema Kizigua: Mama Shamimu, niko Mombo, nyuma ya mashine ya kukoboa, mlango wa bluu. Njoo na mtoto.

Watu wakacheka. Munira naye, kwa mara ya kwanza, alicheka pamoja nao, akacheka mpaka akakohoa. Furaha ilimjaa asijue aiweke wapi.

Watu walipotawanyika alimsaidia Nicolaus kupanga mabenchi, kisha akamwomba kesho asubuhi amfikishe Korogwe akapande basi. Shangazi yake anaumwa, alisema. Nicolaus alikuwa akikunja waya wa spika. Aliukunja wote ndipo akamtazama.

"Mombo usijisumbue kwenda, dada Munira," alisema. "Mimi niliitazama tangu Jumatano. Vijana wetu walifika kwenye mlango ule Ijumaa."

Munira alisema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua, kwamba yeye hakutaja Mombo. Nicolaus akamjibu kwa Kizigua kilichonyooka, kwamba ndicho walichonyonyeshwa na mama yao, yeye na marehemu Yordani.