Saa Moja Sikioni

Nesi alimdunga mume wangu Mahimbo sindano, kisha akaniwekea kiti karibu na kichwa chake.

"Haya, mama. Damu ilipungua ubongoni. Dawa italinda kumbukumbu za yale tu utakayomwambia sikioni ndani ya saa hii. Mengine ndiyo basi."

Sheria humtaka mke mkubwa pekee kusema. Mke mwenzangu, Zamda, alibaki mlangoni, kauma pindo la kanga.

Nikamtajia Mahimbo mama yake, watoto wetu watano, na cherehani yake nyeusi inayokwama kila mvua ikinyesha. Zikabaki dakika tano.

"Dada," Zamda akasema, "na mimi?"

Nikarudia habari za cherehani.

Jioni Mahimbo alifumbua macho, akaniita kwa jina, ulimi mzito. Akamgeukia Zamda.

"Karibu, mgeni."

Zamda hakulia. Aliokota kanga yangu iliyoanguka, akanifunika mabegani taratibu.

"Presha yako bado inapanda, dada?" akauliza. "Nimemuuliza nesi. Kwa ulimi ule, Mahimbo hataruhusiwa kumsemea mgonjwa. Siku yako ya sindano hii ikifika, atakayekaa sikioni mwako ni mimi."