Kipuli cha Semeni

Siku hizi kila mtoto anayeuza biskuti za kuchangia shule huvalishwa kipuli kinachomnong'oneza neno la kumchoma mnunuzi. Jana, mlangoni kwa jirani yetu Bi Chausiku, Semeni wangu alisema, "Bibi, marehemu babu asingeninyima." Bi Chausiku anaugua kisukari, lakini alinunua huku akifuta machozi. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikasimama pale nikitabasamu, maana darasa lao lilikuwa linashika mkia kwa mauzo.

Leo mezani Semeni akanisogezea pakiti zilizobaki. "Mama, siku ile ulinisahau shuleni mpaka giza likaingia. Sikumwambia baba."

Nikanunua zote. Kisha nikamwomba avue kipuli, tule.

"Nilikirudisha shule asubuhi, mama," akasema, akinimiminia maji ya kunawa.