Siri ya Mikuki ya Nungunungu

Haya, nani atasema naongopa? Ajitokeze! Kindi, yule aliyezidiwa ukubwa na mkia wake mwenyewe, alimbana Waziri wa Ulinzi mbele ya baraza zima.

Kila nyumba ilikuwa imetoa kikapu cha karanga ili inunuliwe mikuki ya kumzuia Kicheche. Waziri Nungunungu akasimama kusoma hesabu.

"Karanga zote zimetumika kwa ulinzi. Mengine ni siri ya nchi."

Kindi, mkaguzi wa hesabu, akainuka. Wiki hiyo Kicheche alikuwa amepenya kwenye mwanya wa ua, akamnyakulia mtoto mmoja. Walibaki wawili.

"Mheshimiwa, mikuki ni mingapi?"

"We bwana mdogo, nikitaja, Kicheche atasikia!"

"Si ndiyo vizuri? Akisikia tunayo mia, atahama. Akisikia hatuna hata mmoja, atarudi leo. Sasa hapo unaficha lipi?"

Baraza likaangua kicheko, kisha macho yote yakamgeukia Waziri, maana kila mmoja alishapata jibu. Nungunungu akainamia kitambi chake.

"Miiba ya mgongoni hukuinunua," Kindi akamwambia. "Nenda kazibe mwanya nayo."

Akaenda akauziba kwa mgongo wake, na Kicheche hajapita tena.

Kuna kipande nimekiruka, basi nakiri. Hesabu za mwaka uliotangulia zilisomwa vivyo hivyo, na Kindi ndiye aliyezipitisha. Alipewa kikapu kimoja cha karanga, akakila na wanawe, wakiwa bado watatu.