Angalia Kila Kitu

Flashi ilipita chini ya mlango. Tarmuji aliiokota, akaichomeka kwenye kompyuta iliyokaa juu ya cherehani ya marehemu mkewe, Murni.

"Huu ndio wa mwisho, Bapak," binti yake Wening alisema kutoka upande wa pili. "Hakuna mwingine."

"Umekula, nduk, mwanangu?"

"Nitakula vipi na hii kebaya ya harusi ilivyonibana? Nimevaa tangu alfajiri. Wanja umeanza kuyeyuka."

"Usilie basi."

"Silii. Cheza, Bapak."

Barazani wageni walikuwa wameketi mikekani tangu asubuhi. Sauti ya Bulik Endang, mdogo wake Murni, ilizipita zote.

"Kadhi ana ndoa nyingine Bantul! Watu wa Surabaya wameanza kutafuta viatu vyao! Wakiondoka hawa hawarudi tena. Tumewaalika harusini au tumewaalika waje watazame mlango? Leteni mtaimbo!"

"Bulik, mlango huu ukiguswa siolewi leo wala kesho!"

Tarmuji alisogeza mdomo karibu na mbao. "Galih ni kijana mzuri, nduk."

"Najua ni mzuri. Tatizo si Galih."

Hakuuliza tatizo ni nini. Tangu Murni azikwe, alikuwa ameufunga mlango huo kwa ndani. Sahani ziliachwa sakafuni na kuondolewa zikiwa nusu. Baada ya kubembelezana sana, baba na binti walikubaliana jambo moja tu: siku utakapopatikana mchezo mpya wenye roho ya ile michezo ya zamani, mlango utafunguliwa.

Ile ya zamani waliicheza watatu kwenye kompyuta moja, Wening akiwa mapajani. Ukiandika "angalia dirisha", mchezo unakujibu kwa mzaha. Ukiandika "chukua kamba", unaibeba kamba bila kujua ya nini. Unakwama wiki nzima, unaota kamba usingizini. Murni aliyasoma majibu kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na nyumba nzima ikacheka.

Tarmuji alikuwa ameusaka mchezo wa namna hiyo mtandaoni kama mtu anayemtafutia mgonjwa dawa. Mingi ilijisifu kwamba imerudisha enzi ile. Uongo mtupu! Mmoja ulimshika mkono kama mtoto anayepelekwa chooni, mishale kila kona. Mwingine ulipiga kengele kila alipokaribia kitu cha maana. Wa tatu ulikuwa mzuri kama picha ya ukutani, na mkavu kama ukuta wenyewe. Hakuna uliomheshimu mchezaji kiasi cha kumwacha apotee. Kila mara neno lilikuwa lile lile: siyo huu.

Skrini ikawa nyeusi. Herufi za kijani zikajitokeza.

*Upo chumbani. Kuna kitanda, cherehani, dirisha lililozibwa kwa shuka na mlango uliofungwa. Nje kunanukia ndizi za kukaanga.*

Aliandika: angalia cherehani.

*Inajua siri za suruali zote za mtaa huu.*

Kicheko kilimtoka Tarmuji kabla hajakizuia. Alishtuka kukisikia.

"Nani ametengeneza huu?"

"Ndio wenyewe, Bapak?"

"Nduk... ndio. Ndio huu."

"Basi umalize."

Aliandika: fungua mlango. *Umefungwa.* Aliandika: vunja mlango. *Bulik atafurahi, lakini hapana.* Aliandika: tafuta ufunguo. *Wapi?* Akatafuta chini ya mto, nyuma ya kalenda, ndani ya mtoto wa meza wenye nyuzi. Akaangalia kitanda. *Upande mmoja umebonyea. Wa pili umetandikwa vizuri mno.* Hapo aligeuka, akakitazama kitanda chake mwenyewe.

Hatua za mtu zilikaribia. Alikuwa Galih, bwana harusi.

"Wening, kadhi amesimama. Anasema ipo njia nyingine, akuozeshe yeye badala ya baba yako, tumalize."

"Sitaki njia nyingine, Mas Galih. Mpe chai."

"Chai? Ameshakunywa mpaka anaona aibu kuuliza choo kiko wapi tena!"

"Mpe ndizi basi!"

Nje, pikipiki ikawashwa. Tarmuji alisikia wanawake wakilalamika, na Bulik Endang akimsihi kadhi asivae kofia ya pikipiki. Jasho lilidondokea vibonye.

"Nimekwama, nduk. Nidokeze."

"Ile ya zamani ilikuwa inadokeza?"

"Watakuacha! Nidokeze, nakuomba!"

Wening alisogea karibu zaidi na mlango.

"Mama alikuwa anasema nini tukikwama?"

Tarmuji alifumba macho. "Angalia kila kitu."

"Umeangalia?"

"Kila kitu! Kitanda, dirisha, mpaka uzi!"

"Bado kimoja, Bapak."

Pikipiki iliguruma, ikaanza kugeuza uani. Tarmuji alitazama zile herufi za kijani, akatazama mikono yake mwenyewe juu ya vibonye. Polepole, kwa kidole kimoja, aliandika: jiangalie.

*Ni mwanamume mwenye ndevu zilizoanza kuota siku ya mazishi. Bado anapendeza. Mfukoni mwa shati lake kuna ufunguo.*

Tarmuji alitia mkono mfukoni.

Mlango ulipofunguka, mwanga wa mchana ulimchoma macho, akajishikiza ukutani kama mtu aliyesahau kutembea. Wening alikuwa amepiga magoti sakafuni, maua ya asmini kichwani, sahani ya ndizi zilizopoa kando yake.

"Mas Galih, mzuie kadhi!" alipiga kelele. "Mwambie walii wangu ametoka!"