Nzi Msafi wa Makwale

"Huyu nzi ni msafi kuliko wenzake wote," Jubilate alisema, amepiga magoti chini ya mti wa kokoa kama anayetubu, lenzi jichoni. "Amepita ndani ya jani, amekula, na hajaacha hata chembe ya kinyesi!"

"Wa kwetu huyo," Tusajigwe alijibu. "Makwale tunalelewa."

Jubilate hakucheka. Chuo kilimtaka amtambue nzi ambaye funza wake huchora mistari myeupe ndani ya majani, pamoja na mmea anamoishi. Bila hivyo, shahada angeisikia kwa wenzake. Alimtafuta kwenye kunde, akamkosa. Alipokuwa anafunga begi ndipo michoro ikaonekana kwenye kokoa, ambako hakuna aliyewahi kumwona. Begi likafunguliwa.

Tangu hapo, kila asubuhi michoro mipya. Majani aliyafungia kwenye chupa, akangoja nzi atoke. Hakutoka hata mmoja.

Mzee Asajile, mwenye shamba na mwenye nyumba aliyofikia Jubilate, alichoka waziwazi.

"Kijana, nzi wako anamaliza kokoa yangu, na wewe unamaliza mchele wangu. Sasa mdudu ni nani?"

"Tata!" Tusajigwe alimkemea baba yake, huku akimwongezea mgeni samaki.

"Ndaga, dada," Jubilate alishukuru, macho kwenye chupa.

Tusajigwe alirudi kwenye kitambaa chake cha kudarizi, akakichoma sindano kama kimemkosea.

"Na huyo nzi akipatikana?" Mzee aliuliza.

"Naondoka siku hiyohiyo."

"Asipopatikana?"

"Kesho nisipoona mchoro mpya, naondoka vilevile."

Mzee akasonya. "Afadhali."

Alfajiri, mgeni akiwa bado anakoroma, Tusajigwe alinyata hadi shambani, sindano ameificha kwenye pindo la khanga. Chini ya mti wa kwanza akasimama ghafla.

Mzee Asajile alikuwa amekunja mikono ya shati, ameshika mwiba wa mlimao, anachora jani taratibu, ulimi nje.

"Safu hii nimemaliza," alinong'ona bila kugeuka. "Wewe chukua ile. Na usinyooshe mistari kama jana, nzi hatembei na rula. Halafu leo tuweke na kinyesi kidogo, mkwe wangu ameanza kushtuka."