Kontena Jekundu Kwenye Mwanga

Kontena jekundu liliteremka taratibu, likatua palepale: katikati ya mchoraji na jua la asubuhi.

"We dada wa juu!" mchoraji akapayuka kutoka gatini. "Umenizibia mwanga tena!"

Dereva wa kreni akachungulia dirishani. "Kazi ni kazi, kaka. Njoo kesho."

"Nitakuja, nifanyeje?"

Akaifunika picha kwa shuka, akajikalia kwenye kigoda, shati lake jeupe halina hata tone la rangi. Kule juu dereva akashika mbavu kwa kicheko. Wakubwa wa bandari walimwita yule bwana achore gati linavyong'aa asubuhi, picha ikatundikwe ukumbi wa abiria. Akimaliza, ndiyo basi, dereva hatamwona tena. Kwa hiyo kila asubuhi kontena jekundu lilipata safari: leo huku, kesho kule, na kivuli chake hakikukosea njia.

Redio ikakoroma. Alikuwa mwenzake wa chini, mwelekeza mizigo. "Shoga, hilo kontena limeota miguu? Mshushie mwenzio salamu, siyo chuma!"

"Nyamaza huko."

"Haya. Bosi kasema lipakiwe melini sasa hivi. Ukilichezea tena, unashushwa kreni ukafagie ghala."

Ujanja ukamwishia. Akalinyanyua, akalipeleka melini polepole, kama anayemsindikiza mgeni asiyetaka aondoke. Mwanga ukamwagika gati zima: kamba, madimbwi ya mafuta, makoti ya wapagazi, vyote vikawaka.

Mchoraji akatazama, akakuna kichwa. "Sasa leo mwanga umezidi!" akalalamika, kisha akaenda kutafuta chai.

Dereva akashuka ngazi, moyo mzito. Angalau aione hiyo picha ambayo kila siku mchoraji alisema imebakiza siku moja. Akafunua shuka.

Gati lote lilikuwa linang'aa, kamba kwa kamba, dimbwi kwa dimbwi. Kontena jekundu halikuwemo. Juu kabisa, kwenye dirisha la kreni, kichwa chenye kofia ya njano kilikuwa kinachungulia chini, kinacheka.

Akagusa kwa ncha ya kidole. Rangi ilikuwa imekauka kau, na kwenye kitasa cha sanduku la brashi buibui alishajenga, akahamia na familia.