Fimbo ya Kupimia Mota

Kandonga, mwenye duka, alikuwa amefunga mota mbili za boti, za umeme, kwenye ukingo wa kaunta, moja fupi, nyingine ndefu.

"Chukua hii fupi, dada. Nyepesi, na ndiyo wanayochukua wengi."

"Kaka yangu naye ulimwambia hivyo," alisema Atupele.

"Pole sana kwa msiba."

"Pole yako baki nayo. Boti yake uliiona?"

"Aliniambia ni ndogo."

"Ni ndogo, lakini nyuma imeinuka."

Atupele alisimamisha fimbo aliyokuja nayo kando ya mota fupi. Alikuwa ameikata asubuhi ile kwa kipimo cha nyuma ya boti ya kaka yake, akachonga alama pale maji yalipofikia. Mapanga ya mota, yale yanayosukuma maji, yalipita chini ya alama kwa kidole kimoja tu.

Kandonga aliinama kuitazama alama.

"Wimbi likija, hii inakata hewa tu," alisema Atupele. "Upepo ulimsukuma mpaka kwenye mawe. Waliomkuta waliikuta mota bado inazunguka."

Kandonga alishika ile ndefu. "Basi chukua hii. Nitakupunguzia."

"Nitailipia yote. Na fimbo nakuachia. Akija mtu, mwambie akakate yake kwanza." Aliinyooshea kidole mota fupi. "Sasa iwashe hiyo."

"Humu ndani?"

"Iwashe."

Kandonga aliiwasha. Mapanga yakazunguka juu ya sakafu kavu, yakilia, na wote wawili wakasimama wakiyatazama, hakuna aliyenyoosha mkono kuyazima.